Yamepikwa, hayajapakuliwa

Mwanangu,

Sauti yako ya jana imeninyima usingizi. Siku ya tatu kazini, unajifungia stoo na pampu, unatoka na vijiko viwili vya maziwa, na tayari kuna mtu kakwambia yamekauka, ununue ya kopo. Ngoja kwanza, mama. Nimezalisha miaka thelathini na moja, nisikilize kabla hujaenda dukani.

Si wewe uliyeniambia kwamba juzi kwenye daladala mtoto wa mtu alilia, blauzi yako ikalowa? Titi lililokauka halilowanishi nguo. Maziwa yako yamepikwa, hayajapakuliwa tu, na anayepika si yule anayepakua.

Ndani kabisa, usawa wa mzizi wa pua, chini ya ubongo, inaning'inia tezi ya pituitari. Ni kama punje ya njegere, uzito wake nusu gramu hivi. Sehemu yake ya mbele hutoa prolaktini, ndiyo mpishi wa maziwa. Ya nyuma haipiki chochote. Homoni zake hutengenezwa juu yake, kwenye haipothalamasi, kipande cha ubongo, zikateremka kwa nyuzi za neva na kukaa pale zikingoja amri. Mtoto akinyonya, habari hupanda kwa neva za titi hadi uti wa mgongo, hadi ubongoni, na tezi ya nyuma huachia oksitosini kwenye damu. Ikifika kifuani, vimisuli vilivyozunguka vifuko vya maziwa hubana, maziwa yakashuka. Ule mchomo unaousikia ndio huo.

Oksitosini hiyohiyo ilikuuma tumbo wiki ya kwanza kila aliponyonya, maana ilikuwa inakaza mji wa mimba usimwage damu. Na ndiyo ile sindano uliyochomwa pajani mara tu alipotoka. Mmarekani Vincent du Vigneaud aliitengeneza maabara mwaka 1953, akapata Nobel mwaka 1955. Mimi kazi yangu ilikuwa kuilinda kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, na umeme ukikatika niliihangaikia kuliko mboga zangu.

Ila ina woga. Ukiwa na hofu, ukiwa na haraka, ukiwa unasikiliza nani anakuja kugonga mlango, haiachiwi vizuri. Umetazama chupa, umeona haijai, umeogopa, nayo ikazidi kugoma. Ndiyo kisa chote cha hiyo stoo yenu.

Kuhusu kiu uliyonilalamikia. Tezi ya nyuma ina homoni ya pili, vasopresini, inayoziamuru figo zirudishe maji mwilini. Niliwahi kumwona kijana aliyeanguka na bodaboda akaumia kichwa. Siku mbili baadaye anakunywa ndoo, anakojoa ndoo, mkojo mweupe kama maji ya bomba. Wote tukasema kisukari. Kupima, sukari safi! Kumbe vasopresini ndiyo iliyokatika. Wewe mkojo wako umesema ni kidogo na wa njano, basi tezi yako inafanya kazi yake, maji ndiyo huyapati. Kunywa, mama, usimwonee haya bosi kwa kwenda msalani.

Kesho nenda na ile kanga anayolalia, usiifue. Kabla ya kuwasha pampu, kaa chini, kunywa uji au maji, inuse, tazama video yake akicheka. Chupa ifunike kwa soksi usiione inavyojaa. Asubuhi kabla hujatoka mnyonyeshe, na ukirudi mpe titi kabla hata hujavua viatu, kwa sababu hakuna pampu inayomshinda mtoto kuita maziwa.

Unga wa uji nimempa dereva wa basi la Alhamisi, ukaupokee stendi. Usiku ukimaliza kumlaza nipigie, hata iwe saa tano.

Mama yako