Risala ya Wanafunzi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Mtoto wa Afrika

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, mgeni rasmi, Mheshimiwa Diwani, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, itifaki imezingatiwa. Shikamooni.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tunashukuru kwa kuja kuadhimisha nasi siku hii. Tumechagua kusema jambo ambalo nyumbani husemwa kwa kunong'ona: ukatili wa kingono dhidi ya watoto.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009, uliohoji vijana wa miaka 13 hadi 24, ulionyesha kuwa hapa Tanzania karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walifanyiwa ukatili huo kabla ya kutimiza miaka 18. Wavulana tunaomba wasisahaulike. Ni theluthi moja hivi tu kati yao waliowahi kumwambia mtu yeyote. Wasichana walikuwa karibu nusu.

Tumezoea kuonywa tujihadhari na watu tusiowajua. Lakini utafiti huohuo uliwataja sana majirani, na matukio mengi yalitokea ndani ya nyumba za watu. Njia ya shule nayo ilitajwa, na sisi tunaotoka mbali hatushangai. Alfajiri bado ni giza, nauli huna, na wa bodaboda anakwambia panda tu, utanilipa siku nyingine. Wapo pia wenzetu waliopangishiwa geto karibu na shule, wanalala peke yao wiki nzima.

Kinachotuumiza zaidi ni yanayofuata. Mama kwa uchungu wake anamwogesha mtoto na kufua nguo zile, ushahidi unakwenda na maji. Wazee wanaitana, pesa inatolewa, inasemwa yaishe kifamilia. Mtoto anatakiwa apewe dawa za kuzuia VVU ndani ya saa 72. Kikao kikija kwisha, saa hizo zimepita.

Mheshimiwa, bweni tunalihitaji na tunajua ni gharama. Lakini kuna yasiyohitaji bajeti kubwa. Viongozi wa mitaa wanaosimamia vikao hivyo wachukuliwe hatua za kisheria. Namba 116 ya Simu kwa Mtoto, ambayo hupigwa bure, iandikwe ukutani katika kila shule na zahanati ya wilaya hii. Na mwalimu wetu wa unasihi apatiwe chumba chenye mlango, kwani kwa sasa anatusikiliza katika ofisi ya walimu, wengine wakisahihisha madaftari meza ya pili.

Tunaomba kuwasilisha.