Mwanga kusinyaa peke yake si leza

Ndugu Mhariri,

Jarida lenu nimelisoma miaka kumi na nne bila kuwaandikia hata mstari mmoja. Ile habari ya toleo lililopita, "leza ya kupaka kama rangi", imenifika shingoni. Tando nyembamba za perovskaiti, fuwele zenye risasi mlizoziita leza, ndizo ninazoshika kila siku, na neno "leza" mlilolikuza juu ya ukurasa limewahi kumuumiza mtu niliyekuwa namfundisha kazi.

Kitu chenyewe nakipenda, tena sana. Unadondosha kimiminika chenye risasi (ile metali yenye sumu) na iodini juu ya kipande cha kioo, unakizungusha maelfu ya mara kwa dakika, unadondosha kiyeyushi cha pili kabla mzunguko haujaisha, kisha unakilaza kwenye sahani ya nyuzi 100. Utando uliokuwa hauonekani vizuri unageuka kahawia nzito mbele ya macho yako, na unene wake haufiki sehemu moja ya elfu ya milimita. Nimeuona mara nyingi mno na bado husimama kuutazama. Mwaka 2009 ulipoanza kutumika kwenye seli za jua ulikuwa na ufanisi wa kugeuza mwanga kuwa umeme wa asilimia 3.8 tu. Mwaka 2014 watafiti wa Cambridge waliufanya diodi, kifaa kinachotoa mwanga kikipitishiwa umeme, iliyong'aa kwenye joto la kawaida la chumba, na mwaka huohuo wenzao wa Singapore wakaonyesha jinsi unavyokuza mwanga. Mwaka 2018 diodi hizo zilivuka asilimia 20: katika kila elektroni tano zinazoingia, angalau fotoni moja, yaani chembe moja ya mwanga, inatoka nje. Habari za namna hii zina haki ya kuandikwa, na mnafanya vyema kuziandika.

Ila mlichokieleza katika aya zenu sicho mlichokitaja kwenye kichwa. Mmeandika kwamba utando ulipigwa kwa mipigo mikali ya mwanga, na rangi iliyotoka ikasinyaa ghafla, yaani mchanganyiko wake wa rangi ukawa mwembamba. Hilo hutokea. Mwanga unaonaswa ndani ya utando husafiri kwa ubavu, ukikuzwa njiani, na nguvu ya mipigo ikishavuka kizingiti fulani upana wa rangi zake hushuka kutoka nanomita 40 hivi (nanomita ni sehemu ya bilioni ya mita) hadi chini ya 10. Lakini unatokea kwenye kingo zote bila mwelekeo maalumu. Ili iwe leza, lazima kuwe na kitu cha kuurudisha mwanga ujikuze tena na tena: vioo viwili, au mifereji midogo ya mpangilio iliyochongwa chini ya utando, mpaka utoke mwale mmoja unaojua unakoelekea. Katika habari yenu nimetafuta kioo, nimetafuta mfereji, sikuviona.

Sasa niwaambie kwa nini jambo hili siliachi lipite. Miaka michache iliyopita alikuja kwangu binti mmoja, mwanafunzi hodari, akiwa amesoma kwenye gazeti habari inayofanana na hii yenu. Alitaka kuiunganishia leza ile umeme, na aliamini kazi iliyobaki ni nyaya tu, kwa kuwa habari ilisema leza ipo tayari. Hakuna mahali ilipoelezwa kwamba utando ule ulikuwa unalishwa na leza nyingine, mashine iliyojaa meza nzima, yenye kutoa mipigo mifupi kuliko nanosekunde moja, sehemu ya bilioni ya sekunde. Kabla hajafika kwangu alikuwa amepoteza miezi kumi na moja. Kila alipoongeza mkondo ufanisi ulishuka, joto lilipanda, elektrodi za metali zilimeza mwanga uleule aliokuwa anautafuta, iyoni, zile chembe zenye chaji, zikahama ndani ya utando. Alinionyesha sampuli ya mwisho mkononi mwake: kahawia katikati, na kuzunguka kila elektrodi pete ya njano, ile njano ya iodaidi ya risasi inayobaki perovskaiti ikishavunjika. Aliniuliza amekosea wapi. Hakuwa amekosea popote! Alikuwa ameamini kichwa cha habari. Kupata leza kwa kuisukuma, yaani kuilisha nishati, kwa mwanga ni kazi moja, kuipata kwa kuisukuma kwa umeme ni kazi nyingine kabisa, na kati ya hizo mbili watu wamezeeka. Hata mwaka 2020, iliporipotiwa leza ya tando hizi iliyowaka mfululizo bila mipigo kwenye joto la kawaida, bado ilisukumwa kwa mwanga. Mwandishi wa gazeti lile, aliyeacha nje maneno hayo mawili "kwa mwanga", alidhani anamrahisishia msomaji.

Na ile picha! Mmeweka mwale wa kijani kibichi unaokata giza, ilhali habari inahusu utando wa iodini. Utando huo hutoa mwanga wa nanomita karibu 780, mwishoni kabisa mwa wekundu, ambao jicho halioni ila kwa shida. Kijani ni cha utando wa bromini. Tena neno "risasi" halikutokea hata mara moja katika kurasa mbili, kana kwamba tunapaka chokaa. Sisi tunaovaa glavu kila asubuhi tunalijua neno hilo, na msomaji naye ana haki ya kulijua.

Ninachoomba ni kidogo. Kila mtakapoandika "leza" kuhusu utando wa perovskaiti, wekeni kisanduku kando ya habari, upana wa vidole vinne, kieleze ilisukumwa na nini, kila mpigo ulidumu muda gani, kwenye joto la nyuzi ngapi, nini kiliurudisha mwanga, na sampuli iliishi dakika ngapi kabla ya kufa. Mtafiti akishindwa kuwajibu hilo la mwisho, subirini toleo lijalo.

Mkikosa picha, ninayo. Sampuli ya yule binti niliihifadhi kwenye droo, na pete zake za njano bado zinaonekana vizuri.

Msomaji wenu wa siku nyingi