Turufu za mwenzako kwanza

Swahiba wangu,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata, na nimecheka niliposoma kwamba mwenzako wa briji, ule mchezo wa karata wa wawili kwa wawili, hukunja uso kila unapokata kwa turufu, yaani unapocheza turufu kwa kuwa huna aina iliyoanzishwa. Ukitaka ukweli, namuunga mkono. Kukata kunanoga, hilo sikatai, ila si kila ukikata unaongeza kitu.

Tuseme turufu ni shupaza. Wewe una tano kubwakubwa, na mkono wa mwenzako ulio wazi mezani, ambao nitauita meza, una tatu. Tano zako zitakula mizunguko mitano hata ukilala usingizi. Ukikata aina nyingine, tuseme uru, kwa mojawapo, umekula mapema kilichokuwa chako tangu mwanzo. Lakini acha uru ikatwe na shupaza ya mezani: tano zako bado unazo, na jumla imekuwa sita. Faida iko upande wenye turufu chache. Ndiyo maana wapinzani wako wajanja, wakiona meza haina uru, hukimbilia kucheza turufu wao wenyewe. Wanataka kuimaliza meza kabla haijakata.

Kama meza haina cha kukata, basi usichelewe kuwavuta wapinzani, yaani kucheza turufu mpaka zao ziishe. Mna turufu nane, wao wana tano, na mara 68 hivi katika 100 hugawana tatu kwa mbili, kwa hiyo mizunguko mitatu inatosha. Mara 28 hivi mmoja wao huwa na nne. Hesabu zile zao tu zinazoanguka, usijichoshe na zako. Na ikibaki moja tu kwao, nayo ni kubwa kuliko zenu zote, iache. Itakula tu, ya nini kuifuata kwa turufu zako mbili?

Kuna siku mtakuwa mnakatiana, wewe ukikata kopa, meza ikikata uru. Hapo kula kwanza ree na mfalme wa pau, karata za juu kabisa za aina hiyo, ndipo uanze kukata. Ukiwaweka akiba, mpinzani asiye na kopa wala uru ya kufuatisha atatupa pau zake wakati nyinyi mnakatiana, kisha ree yako ikitoka, ataikata kwa kashupaza kadogo. Inauma sana hiyo.

Sasa lile uliloniuliza, kama umkate mpinzani aliyekwisha kukata kwa turufu kubwa, mnapokuwa mnamzuia asifikishe mizunguko aliyoahidi. Una shupaza tatu: mfalme, ya kumi, na ya mbili. Mwenye mkataba, yaani huyo mpinzani anayecheza mkono wake pamoja na meza, ana ree, malkia, ghulamu na ndogo mbili, naye hucheza kabla yako. Mwenzako anaanza na kopa, jamaa hana, anakata kwa malkia. Nawe huna kopa. Mkono utakuwasha umkate kwa mfalme. Usimkate! Tupa pau isiyo na kazi. Ukimkata, umekula mara moja, halafu ree yake itaichukua mbili yako na ghulamu ataimeza kumi. Ukitulia, malkia amekwenda, amebaki na ree na ghulamu, na wewe bado una tatu. Acheze atakavyo, mfalme atakula na kumi itakula. Kunyamaza kumekupa mizunguko miwili badala ya mmoja.

Huo mchezo mwenzako anapaswa kuusaidia kwa kurudia kopa, hata akijua kwamba jamaa atakata. Lakini aangalie meza kwanza. Kama jamaa na meza yake wote wamekosa kopa, na wote wana turufu, kuwachezea kopa kwa kawaida ni kuwapa zawadi: upande mmoja unakata, mwingine unatupa karata mbovu ambayo ingewapotezea mzunguko.

Kuhusu kuanza na karata uliyo nayo moja tu ya aina yake ili ukate baadaye, mimi hufanya hivyo nikiwa na turufu ndogondogo ambazo hazina kazi nyingine. Nikiwa na malkia na ghulamu na moja ya kuwasindikiza, sina haja. Karibu kila mara nitakula hata nisipokata.

Niandikie mkono wowote utakaokutatiza, karata zote 52 kama unazikumbuka, na nani alianza.

Wako,
Swahiba