Barua ya wazi kwa mwenye dhamana ya afya mkoani: mgonjwa halipii majaribio

Mheshimiwa,

Salamu kutoka Kirumba. Nakuandikia kwa heshima, ila uvumilivu umeniishia. Jumamosi jirani yetu kauza injini ya mtumbwi ili mumewe, aliyepooza kwa kiharusi, akachomwe sindano za seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine. Ni watu wale wale waliomchoma baba yangu mwaka jana, tukauza kiwanja cha Igoma. Chupa haikuwa na lebo. Risiti iliandikwa kwa mkono, haina mhuri, na tukaambiwa haya ni majaribio ya kisasa. Mkono wa kulia wa baba, uliokuwa ukishona nyavu, mpaka leo haushiki kikombe cha uji.

Majaribio gani hayo, Mheshimiwa, ambayo mgonjwa ndiye anayelipa?

Ya kweli yapo. Mwaka 2016 madaktari wa Stanford, Marekani, walitoa matokeo ya wagonjwa 18 waliopandikizwa seli kwenye ubongo, na baadhi yao viungo vilivyolala vilianza kuamka. Watu wakashangilia. Lakini hapakuwa na kundi la kulinganisha, yaani wagonjwa wasiopewa seli. Tiba hiyo ilipopimwa kwa kulinganisha, kwa wagonjwa 163, mwaka 2019 ikatangazwa kwamba lengo kuu halikufikiwa. Japani walijaribu seli za aina nyingine kwa watu 206. Kwa kipimo kikuu, waliopewa seli hawakuwazidi waliopewa dawa ya kuigiza isiyo na seli. Hao wana maabara na wataalamu, na bado wanapima. Hawa wa mtaani kwetu wanauza nini?

Sipingi utafiti. Utafiti ukija Mwanza kwa vibali vya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, bila kumtoza mtu shilingi, baba nitampeleka mwenyewe.

Ulipokuja mwaloni ulishika kipaza sauti ukaahidi vituo vya namna hii vitakaguliwa. Akina mama wa dagaa walikupigia vigelegele. Nimeleta nakala ya risiti, nimeambiwa nisubiri. Labda wakaguzi ni wachache, labda kuna mkubwa anayewakingia kifua. Sijui, ila watu wanaendelea kuuza mali.

Naomba jambo moja: tamka. Tamka redioni, misikitini, makanisani, kwamba tiba ya seli shina kwa kiharusi bado haijathibitishwa, na anayeiuza akamatwe. Waambie watu fedha hizo ziende kwenye dawa za presha na mazoezi ya viungo. Ni tamko tu, Mheshimiwa, halihitaji bajeti. Litoe wiki hii.

Wako,
Mkazi wa Kirumba, Mwanza