Kipimo cha damu cha Parkinson: kwa nini hatukiuzi

Juzi kijana alimleta baba yake hapa maabara kwetu Moshi, simu mkononi. Alikuwa amesoma kwamba siku hizi Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaotetemesha na kukakamaza mwili, inapimwa kwa damu. "Nipimieni mzee, nijue imefika wapi." Hela alikuwa nayo, lakini hatukuipokea.

Kipimo chenyewe kipo. Kinatafuta neurofilamenti nyepesi, protini inayoshikilia nyuzi za neva kama nguzo za nyumba. Nyuzi zikiharibika, protini huvuja, na chembe zake chache hufika kwenye damu. Ni chache mno, hupimwa kwa pikogramu (sehemu moja ya trilioni ya gramu), na mashine yake hatuna. Hata tungekuwa nayo, protini hiyo hupanda kwa umri tu, hupanda figo zikichoka, hupanda baada ya kiharusi. Watafiti wakiwalinganisha wagonjwa wengi kwa pamoja huona kwamba wenye nyingi huelekea kudhoofika haraka zaidi. Kwa mzee mmoja aliyeketi mbele yako, namba hiyo haitoshi kumbadilishia dawa. Inasaidia zaidi kutenganisha Parkinson na magonjwa yanayofanana nayo lakini yenye kasi kubwa.

Kuna pia alfa-sinukleini, protini inayojikusanya kwenye ubongo wa mgonjwa. Ungedhani hiyo ndiyo ya kupima. Tatizo ni kwamba zaidi ya asilimia 99 ya iliyomo kwenye damu imejificha ndani ya seli nyekundu. Mtoa damu akivuta kwa pupa seli zikapasuka, majibu yanaruka juu na ubongo ni uleule wa jana. (Kila aliyefanya kazi maabara anaijua aibu ya plazima, yale majimaji ya damu, iliyogeuka nyekundu.) Kipimo kinachonasa mbegu za protini hii, yaani chembe zilizojikunja vibaya na kuzikunja nyingine, kwenye maji ya uti wa mgongo kilifanya vizuri katika utafiti mkubwa wa 2023, ila jibu lake ni ndiyo au hapana. Ugonjwa umefika wapi, hakisemi.

Hilo bado analisoma daktari: mzee anavyogeuka akitembea, anavyofunga vifungo vya shati. Nyumbani andikeni saa anayomeza dawa na saa mwili unapokakamaa. Daktari ataitumia karatasi hiyo kuliko cheti chetu.

Sisi tunapima tezi ya shingo, maana nayo hutetemesha mikono, na vitamini B12, ambayo huweza kushuka kwa wanaotumia levodopa, dawa ya Parkinson, muda mrefu. Na njooni na dawa zote anazotumia. Metoklopramidi ya kichefuchefu au haloperidoli ya magonjwa ya akili zinaweza kuleta dalili zilezile. Hapo jirani, wilayani Hai, utafiti uliochapishwa 2008 ulipata wagonjwa 33 wa Parkinson, na zaidi ya robo tatu yao walikuwa hawajawahi kuambiwa wanaumwa nini.

Yule mzee tulimpima tezi na B12. Mfuko wake wa dawa ulikuwa umebaki nyumbani, kijana akapanda bodaboda kuufuata.