Risala ya Wahitimu wa Kidato cha Sita kwa Mgeni Rasmi: Watu Wakifungiwa Ndani, Watoto Wanaongezeka?

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, Mkuu wetu wa Shule, walimu, wazazi na walezi wetu, wageni waalikwa, na wadogo zetu tunaowaacha: itifaki imezingatiwa. Shikamooni.

Kwa niaba ya wahitimu wote tunakushukuru kwa kukubali kuja Rungwe, hapa mkoani Mbeya, msimu huu wa mvua, barabara ikiwa kama ulivyoiona. Wazazi wetu mliotufikisha hapa kwa chai, ndizi na viazi, ndaga fijo, asanteni sana.

Historia ya shule na idadi ya wahitimu zimo kwenye taarifa ya Mkuu wa Shule utakayosomewa baada yetu. Sisi tumeomba ruhusa tutumie dakika zetu kwa swali ambalo Klabu ya Jiografia imelifanyia kazi: nchi ikiwafungia watu wake ndani kwa muda mrefu, watoto wanaozaliwa huongezeka au hupungua? Swali hili linatugusa wenyewe. Shule zilipofungwa tarehe 17 Machi 2020, siku moja baada ya mgonjwa wa kwanza wa corona kutangazwa nchini, sisi tulikuwa kidato cha tatu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mwaka ule kila kijiwe kilikuwa na jibu: baba na mama wakishinda ndani bila pa kwenda, miezi tisa baadaye leba zitajaa. Imani hii ni ya zamani. Novemba 1965 umeme ulikatika New York usiku mmoja, na mwaka uliofuata magazeti yakaandika kwamba wodi za wazazi zimefurika. Mtafiti J. Richard Udry alipozihesabu rekodi za hospitali na kuchapisha matokeo mwaka 1970, hakukuta ongezeko lolote. Lakini hadithi ilishasambaa, na mwaka 2020 ikarudi na nguvu zote.

Takwimu za corona zilikwenda kinyume na vijiwe. Italia iliwafungia watu Machi 2020. Ukihesabu miezi tisa unafika Desemba, na Desemba hiyo watoto waliozaliwa walipungua kwa takribani asilimia 10 kulinganisha na mwaka uliotangulia. Ufaransa, Januari 2021, walipungua kwa asilimia 13. Hispania mwezi huohuo walipungua kwa karibu moja ya tano. Marekani ilitoka watoto milioni 3.75 mwaka 2019 hadi milioni 3.61 mwaka 2020, kisha ikapanda kidogo mwaka uliofuata. China ilitoka milioni 14.65 mwaka 2019 hadi milioni 9.56 mwaka 2022, mwaka ambao jiji la Shanghai lilifungwa kwa takribani miezi miwili na idadi ya watu wa nchi nzima ikashuka kwa mara ya kwanza baada ya miongo sita. Kwa China lazima tuseme ukweli kwamba uzazi ulikuwa unashuka hata kabla ya corona, kwa hiyo si haki kuibebesha karantini mzigo wote.

Nchi iliyotufundisha zaidi ni Ufilipino, kwa sababu maisha ya wengi kule yanafanana na yetu kuliko ya Paris. Watu walifungiwa kwa muda mrefu sana, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Ufilipino walikadiria nyongeza ya watoto zaidi ya 200,000 wasiopangwa. Nyongeza haikuja. Watoto milioni 1.67 wa mwaka 2019 walishuka kuwa milioni 1.53 mwaka 2020, na milioni 1.36 mwaka 2021. Tulipotafuta sababu tulikuta ya kwanza kwenye daftari la ndoa: ndoa zaidi ya 431,000 za mwaka 2019 zilibaki takribani 240,000 mwaka 2020. Wazazi mliopo hapa mnajua harusi inavyoanza na kamati, michango, sendofu, kanisa au msikiti na ukumbi. Mikusanyiko ikipigwa marufuku na mwajiri akisimamisha mishahara, harusi inaahirishwa, na mtoto wa kwanza anaahirishwa nayo. Waliokwisha kuoana nao walisita, mmoja akiwa amepoteza kazi, mwingine akiogopa hospitali, na mama mwenye watoto watatu waliofungiwa naye sebuleni hakuwa na nguvu ya kumtafuta wa nne.

Kuna nchi chache zilizokwenda tofauti. Finland walizaliwa karibu watoto 46,500 mwaka 2020, na mwaka 2021 wakafika karibu 49,600, kabla ya kushuka tena mwaka uliofuata. Kule mzazi ana likizo ya uzazi yenye malipo na mfuko wa kumshika mkono akikosa kazi. Sisi tunaona hapo ndipo penye jibu: mtu mzima mwenye uwezo wa kuchagua huamua kuzaa anapoiona kesho yake, na akiwa haioni husubiri, hata umfungie ndani mwaka mzima.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tumesema mtu mzima mwenye uwezo wa kuchagua. Kwa msichana wa shule mambo yalikuwa mengine kabisa, na hili ndilo lililotusukuma kuandika risala hii.

Kenya ilifunga shule Machi 2020, na madarasa mengi yakarudi Januari 2021. Watafiti waliowafuatilia wasichana wa sekondari kaunti ya Siaya walikuta kwamba waliokumbwa na kufungwa kule walikuwa na uwezekano mara mbili wa kupata mimba kabla ya kumaliza shule, na mara tatu wa kuacha masomo, kuliko waliowatangulia. Uganda ilikaa karibu miaka miwili, hadi tarehe 10 Januari 2022, huku baadhi ya madarasa yakifunguliwa na kufungwa tena katikati. Kwa hiyo nchi inaweza kuhesabu watoto wachache kwa jumla, na wakati huohuo ikawa na mama wengi zaidi wenye miaka kumi na sita.

Kwetu Serikali haikuwafungia watu ndani. Shule na vyuo vilifungwa, na tarehe 29 Juni 2020 tukarudi. Mmoja wetu anaikumbuka asubuhi ile katika shule aliyosoma wakati huo. Mwalimu wa darasa alifungua daftari la mahudhurio na kuita majina akiwa na barakoa. Alipofika kwenye jina la msichana aliyekuwa akikaa dirishani aliita, akanyamaza, akashusha barakoa na kuita tena kwa sauti, akidhani hakusikika. Hakuna aliyeitika. Miezi ile msichana yule alikuwa akipeleka ndizi gulioni Kiwira kila siku ya soko, akirudi kwa bodaboda gizani, kwa kuwa nyumbani walihitaji hela na masomo ya redioni hayakuwa na wa kumsimamia. Mwaka uliofuata tulimkuta palepale gulioni, mtoto mgongoni, akipanga mikungu. Alituuliza tumefika mada gani ya hisabati.

Mwenzetu mwingine anatoka Tunduma. Mei 2020, Zambia ilipofunga mpaka wa Nakonde kwa siku chache, malori yalijipanga barabarani na madereva wakakwama. Wasichana waliokuwa likizo ya lazima ndio waliowauzia chakula, mchana na usiku. Muuguzi wa zahanati moja ya huku kwetu naye alituonyesha benchi ambalo bado lina alama za X za rangi nyekundu, za kuwatenganisha wagonjwa. Alisema kuna wiki alama zile zilikaa bila mtu, kwa sababu kina mama waliogopa kufuata hata sindano za uzazi wa mpango.

Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto wa mwaka 2022 unaonyesha kwamba asilimia 22 ya wasichana wa Tanzania wenye miaka 15 hadi 19 wamewahi kupata mimba, kutoka asilimia 27 za mwaka 2015/16. Kitaifa tumeshuka, na tunaamini ufupi wa likizo ile uliwaokoa wengi. Lakini kwa majirani zetu wa Songwe ni asilimia 45, ya juu kuliko mikoa yote. Mkoa huo ulikuwa sehemu ya Mbeya hadi juzijuzi tu, mwaka 2016. Ni dada zetu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaleta maombi yetu.

Kubwa ni bweni. Sisi wa kidato cha tano na sita tunalala shuleni, lakini wadogo zetu wa kidato cha kwanza hadi cha nne ni wa kutwa. Wanaotoka mbali wamepanga vyumba, yaani geto, ambako msichana wa miaka kumi na nne anajipikia, anajilinda na anajitafutia kodi. Wazazi wamechangia mchanga, kokoto na nguvu zao, na boma limefika kwenye lenta. Limekwama kwa mbao na bati. Kila muhula linapokaa wazi ni muhula mwingine wa geto.

Tunaomba pia Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2021 usomwe kwenye mikutano ya vijiji. Serikali ilitangaza tarehe 24 Novemba 2021 kwamba msichana aliyejifungua anaweza kurudi shule, nasi tulikuwa kwenye mtihani wa kidato cha nne mwezi huohuo. Hadi leo tunakutana na wazazi wasiojua kwamba ruhusa hiyo ipo, na yule mwenzetu wa gulioni alikuwa mmoja wa wasiojua.

Na ikitokea tena shule zikafungwa, kwa ugonjwa au kwa janga jingine, Halmashauri iwe na utaratibu ulioandikwa mapema: kila mwalimu wa darasa ajue wanafunzi wake wako wapi na awatembelee, zahanati zisisimamishe huduma za uzazi, na shule ziwe za kwanza kufunguliwa.

Boma liko nyuma ya maabara. Mwalimu wa malezi amekubali kukupeleka kabla ya zoezi la kugawa vyeti, na tumekuwekea mabuti mlangoni kwa sababu ya tope.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi wahitimu wa kidato cha sita.