Taarifa ya Mwaka 2025 ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Mwaka huu nguvu zetu nyingi zilikwenda kwenye kazi moja: kuziwezesha zana tunazoziandika na kuzigawa bure ziendeshwe moja kwa moja kwenye vichakataji vya ARM na RISC-V, ambavyo lugha yake si ile ya chipu za Intel, bila mkalimani katikati, yaani programu inayotafsiri maagizo ya chipu moja kwa ajili ya nyingine. Habari za ada na matumizi mtazipata kwa mweka hazina.

Baadhi yenu mliuliza tunajisumbua kwa lipi, ilhali programu za zamani bado zinafunguka. Ni kweli zinafunguka. Tangu Apple ilipotoa kompyuta za M1, zenye chipu ya aina ya ARM, mwishoni mwa 2020, mkalimani wake Rosetta 2 imekuwa ikitafsiri programu za Intel vizuri kiasi kwamba mtu hajui kama anatafsiriwa. Mwanachama mmoja alituletea laptopu yake ya M1 akilalamika kwamba kukompaili, yaani kugeuza msimbo kuwa programu, kunajikokota. Tukamwambia aandike amri ya kuuliza aina ya kichakataji, <code>uname -m</code>. Jibu likatoka la aina ya Intel: <code>x86_64</code>. Kumbe terminali yake, dirisha la kuandikia amri, ilikuwa ndani ya Rosetta tangu alipohamisha mafaili kutoka kompyuta ya zamani, na kila alichosakinisha baadaye kikafuata mkondo huohuo. Juni mwaka huu Apple ilitangaza kwamba Rosetta kwa matumizi ya jumla itaishia na macOS 27. Anayemtegemea mkalimani na ajiandae.

Wenzetu walishatangulia. Homebrew, zana ya kusakinisha programu kwenye Mac, ilianza kuhudumia chipu hizo za Apple rasmi Februari 2021, lugha ya Java ikafuata kwa toleo la 17 Septemba mwaka huohuo. Kwa upande wa RISC-V, mfumo wa Linux wa Debian, toleo la 13 lililotoka Agosti, ndilo toleo lake la kwanza kuutambua rasmi usanifu huo, yaani aina hiyo ya kichakataji.

Sisi tulidhani kazi ni kukompaili upya tu. Zana yetu ya kusoma mafaili ya kumbukumbu ilikompailika kwenye Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya ARM, bila onyo hata moja, kisha ikaganda. Ilisoma faili hadi mwisho, na bado ikaendelea kuzunguka. Vijana wetu wawili walikesha nayo siku mbili. Kosa lilikuwa kwenye mstari mmoja: herufi iliyosomwa ilihifadhiwa kwenye aina ya data iitwayo <code>char</code>. Kwenye Linux ya Intel aina hiyo hubeba namba hasi, hivyo alama ya mwisho wa faili, yaani -1, inatambulika. Kwenye Linux ya ARM haibebi hasi. -1 inageuka 255, na mwisho wa faili haufiki kamwe. Wakabadilisha <code>char</code> kuwa <code>int</code>, inayobeba hasi kwenye mashine zote, ikapona. Kosa hilo tuliliandika wenyewe, likajificha miaka yote kwa sababu sote tulitumia mashine za aina moja. Nawashukuru sana vijana hao, tena kwa dhati.

Ndiyo maana siridhiki tunaposema zana "inakubali ARM" kwa kuwa tu imekompailika. Kwangu, usanifu ambao majaribio hayaendeshwi juu yake kila msimbo unapobadilika bado hatujauhudumia. Kwa ARM majaribio hayo sasa yanaendeshwa. Kwa RISC-V bado tunategemea QEMU, ambayo nayo ni mkalimani.

Kamati inaomba ridhaa yenu tununue bodi moja ya RISC-V kutoka mfuko wa chama. Tunahitaji pia mwanachama wa kuitunza, mwenye umeme wa uhakika na intaneti isiyokatika. Aliye tayari ampe katibu jina lake kabla ya mkutano mkuu.